Waya wa Shaba wa Mzee Selestini

Mzee Selestini alirudi kijijini Alhamisi mchana, kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya tope, baada ya siku nne za mahabusu mjini Ruangwa. Njiani hakuna aliyemwuliza habari za huko alikotoka, na hilo halikumshangaza. Tangu astaafu kazi ya chumba cha maiti kule Nachingwea na kurudi kwenye mikorosho yake, watu walimsalimia kwa mbali, kama vile mauti ni upele unaoambukizwa kwa kushikana mikono. Kilichomshangaza ni kimya cha nyumbani kwake. Nyumba inayouza nipa, gongo ya mabibo, haina kimya mchana. Siku hiyo benchi la uani lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kuku walichakura mahali ambapo wateja hukaa.

"Hodi," akasema mlangoni kwake mwenyewe.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya binti yake, Catherine. Alikuwa amekaa kitandani, anamtazama usoni kabisa, macho wazi.

"Ni mimi, mama."

"Baba. Sogea basi. Kuna moshi humu, sikuoni."

Humo chumbani hamkuwa na moshi. Hata jikoni hapakuwa na moto. Mzee Selestini aliviweka viatu chini taratibu, akaupunga mkono mbele ya uso wa mwanawe, na yale macho hayakuufuata.

"Ulikunywa ngapi?" akauliza.

"Ile moja tu, baba. Ya kuondoa sumu."

*

Huko kwao mgeni hamiminiwi kinywaji kabla mwenyeji hajakinywa mbele ya macho yake. Huko ndiko kuondoa sumu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana inafuatwa kuliko zote zilizoandikwa. Muuzaji wa nipa, kila anapofungua dumu jipya, hunywa glasi moja ndogo mpaka mwisho, akaigeuza kifudifudi, ndipo wateja waanze. Asipokunywa, atabaki na dumu lake lilivyo.

Kabla ya hapo humwaga kijiko kimoja na kukiwasha kibiriti. Moto ukiwa wa bluu, nipa ni kali na safi. Ukisinzia, imetiwa maji. Ndivyo walivyofundishwa na wazee wao, waliokuwa wakipika nipa ya mabibo matupu, na kwa nipa ya mabibo walifundishwa sawasawa. Lakini mabibo yana msimu wake. Ilikuwa Aprili mwaka 2004, yamekwisha zamani, na Catherine, aliyeachwa na mume miaka sita nyuma na hakuwa na shamba la kusema ni langu, alikuwa akinunua kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli aitwaye Dastani. Dastani alikuwa na siri yake. Nipa ikimpungukia aliizidisha kwa spiriti ya kiwandani, iliyotoka kwenye mapipa ambayo hata yeye hakujua yaliwekwa kwa kazi gani. Na spiriti hiyo nayo huwaka bluu. Huwaka bluu nzuri zaidi.

Mzee Selestini alilijua hilo, kwa kuwa aliwapokea mochwari waliouamini moto huo. Daktari mmoja aliyekuwa akipasua maiti alimwonyesha njia nyingine. Unachukua waya wa shaba, unausokota, unautia motoni mpaka uwe mwekundu, unautoa, unaingia weusi. Kisha unauchovya kwenye kijiko cha pombe na kunusa. Pombe njema hutoa harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ile mbaya, kama ni nyingi, huchoma pua na kunuka fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Mtu mwingine kijijini angeweza kuchovya waya kutwa nzima asijue ananusa nini. Mzee Selestini aliishi ndani ya harufu hiyo miaka ishirini na miwili. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia aoge tena hata akiwa ametoka kuoga.

Basi kila dumu lililoingia, yeye alilipima nyuma ya nyumba kabla Catherine hajanywa glasi yake. Mara mbili alimwambia amwage, na mara mbili alimwaga, na wateja wakanuna. Mpaka Jumapili ile Jonasi, mgambo, alipomkuta na kijiko, mkaa na waya, dumu lenyewe bado halijafika.

"Shaba hii," alisema Jonasi. "Mtambo wa gongo."

"Ni waya, mwanangu. Mtambo una bomba. Mimi napima."

"Unapima nini kama hakuna gongo?"

Jonasi alikuwa akikaa kwenye lile benchi kila Jumamosi. Hata hivyo aliufunga waya ndani ya bahasha, akaandika KIDHIBITI, na mzee akapakiwa garini. Siku nne baadaye walimwachia bila kesi, maana hapakuwa na hata tone la gongo la kumshtakia, ila waya ulibaki kituoni.

Jumatatu, mzee akiwa mahabusu, Dastani alileta dumu jipya. Catherine aliwaomba wateja wasubiri. Andrea, fundi mwashi, akacheka: "Tumngoje mzee wa mochwari aje atunusie? Washa kibiriti." Moto ukawa bluu. Catherine akanywa glasi yake, akaigeuza kifudifudi. Andrea na mwenzake Yasini wakanywa mpaka jua likazama. Jumatano wote wawili walizikwa, Andrea kwa msalaba, Yasini kwa sanda na dua, na ndugu zake Yasini wakatangaza kwamba malaria ilimpanda kichwani.

*

Mganga wa zahanati alimulika macho ya Catherine kwa tochi, akaizima, akasema pole. Walirudi nyumbani baba ametangulia na binti ameshika ncha ya fimbo. Tangu siku hiyo Catherine alikaa na redio yake. Waya wa antena ulipita dirishani ukaenda kufungwa kwenye mkorosho wa uani, na redio ilisema tangu asubuhi mpaka usiku: taarifa za habari, salamu za watu wasiojuana, matangazo ya vifo. Hakuna jirani aliyekuja kukaa naye. Ugonjwa wake ulikuwa na jina ambalo halitajwi, na kumpa mtu pole ni kukiri kwamba unajua kilichompata.

Jumamosi mzee alikwenda kwa Shaban, mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta akitia jembe mpini. Shaban hakuwa mtu mbaya. Alimsogezea gogo la kukalia, na mkewe akaleta maji kwenye kopo la maziwa lililoanza kushika kutu mdomoni. Mzee Selestini alilijua kopo hilo. Kila alipokuja alipewa hilohilo, na akishaondoka lilirudishwa juu ya paa la banda la kuku, mbali na bilauri za wengine. Akanywa, akashukuru.

"Mwenyekiti, nataka kibali."

"Cha nini, mzee wangu?"

"Cha waya wangu. Nipime bila kukamatwa. Anayetaka alete kijiko kimoja tu, nimwambie anywe au amwage. Siuzi, na sitaki senti ya mtu."

Shaban aligonga jembe chini mara mbili kabla ya kujibu. "Gongo ni haramu kwenye dini yangu na ni kosa kwa serikali. Nikikupa karatasi ya kupima gongo, nimeandika kwamba gongo ipo."

"Ipo."

"Najua ipo. Sijaiandika."

"Mwenyekiti, mwanangu haoni."

"Na hilo linaniuma, wallahi. Lakini nisikilize. Watu wakijua kuna mpimaji, si ndiyo watakunywa bila woga? Sasa hivi angalau wanaogopa."

"Jumatatu walikuwa na woga gani?" Mzee aliliweka kopo chini. "Nimeosha maiti miaka ishirini na miwili. Sijaona hata mmoja aliyeacha pombe kwa kuogopa. Nimewaona walioacha kwa kufa. Yasini huyu juzi..."

"Yasini alikufa kwa malaria."

"Mwenyekiti."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Ila kijijini hapo walikuwa wamegundua namna ya kukificha hata hicho kifo. Mwishowe Shaban akashusha pumzi.

"Jumanne kuna mkutano wa kijiji, mambo ya salfa, dawa ya mikorosho. Nitaliweka lako mwisho. Watu wakinyoosha mikono ya kutosha, naandika muhtasari, naupeleka kata mwenyewe, nawaomba polisi wakurudishie waya na Jonasi asikuguse. Wasiponyoosha, mzee wangu, usinijie tena na jambo hili."

*

Catherine alisema atakwenda. Baba yake akamwambia njia ina tope, naye akasema miguu haijapofuka. Alivaa gauni lake la kanisani na kanga mpya, akachana nywele kwa kupapasa, akauliza mara tatu kama kitambaa kimekaa sawa. Mzee alimjibu mara zote tatu kwamba kimekaa sawa.

Mkutano ulikaa kwenye ghala la korosho, tupu kwa msimu huo, wanaume upande wa mizani, wanawake sakafuni upande wa mlango. Catherine alipokaa, wanawake waliokuwa karibu walijisogeza kidogo, wakasema wanampisha. Mambo ya salfa yalichukua saa mbili. Watu walikasirika, wakacheka, wakakasirika tena, ikawa raha tupu. Kisha Shaban akasema kuna ombi la Mzee Selestini.

Mzee alisimama, kofia mkononi. Alieleza habari ya waya, ya moto wa bluu, ya harufu. Hakumtaja Andrea wala Yasini, wala mwanawe. "Msinipende," alimalizia. "Nileteeni kijiko kimoja kabla ya kunywa. Basi."

"Kwani hapa nani anakunywa gongo?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Watu wakacheka, na kicheko kilipoisha kila mmoja akaona mtego ulivyotegwa. Kukubali waya ni kukubali kwamba una kitu cha kupimisha. Waislamu walikuwa na imamu wao mbele, Wakristo walikuwa na katekista wao, Filbert, na wake walikuwa wakiwatazama waume zao.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," akasema Shaban. "Mwenye ombi hahesabiwi."

Catherine akanyoosha. Aliunyoosha mkono wote, kiganja wazi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayelijua jibu. Uso wake ulielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mzee Selestini akatazama. Filbert, aliyekuwa mteja wa kila Jumapili jioni, aliinua mkono mpaka kwenye shingo, akajikuna, akaushusha. Jonasi mgambo alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Samia muuza maandazi, dada yake Yasini, alikuwa akiyatazama magoti yake, midomo imekaza. Wengine wote waliitazama mizani ya korosho kana kwamba ni mara yao ya kwanza kuiona. Mkono wa Catherine ukaanza kuchoka, naye akaushikilia kwa mkono mwingine usije ukashuka kabla ya kuhesabiwa.

Shaban alihesabu. Alijifanya anahesabu, akipeleka kidole huku na huku, muda mrefu kuliko uliohitajika. Akaandika kitu kwenye daftari.

"Haya, shusheni mikono," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mkutano. "Wasiokubali ni wengi zaidi. Tumefunga."

*

"Ilikuwa mingapi, baba?"

Walikuwa wamefika nusu ya njia. Catherine alishika ncha ya fimbo nyuma yake, akiruka madimbwi pale anapoambiwa aruke.

"Mingi."

"Mingi ya kiasi gani?"

"Ya kutosha, mama. Waliokataa wametuzidi kidogo tu. Ruka hapo."

Akaruka. "Filbert alinyoosha?"

"Alinyoosha."

"Najua. Ni mtu mwema yule. Na Samia?"

"Na Samia."

"Basi watatukubalia mwakani," akasema Catherine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile akaimba kidogo, wimbo wa kanisani, akikosea maneno.

Mzee hakuwa mwongo. Jioni ile alikaa uani peke yake, redio ikisema ndani. Aliwakumbuka maiti wake wa Nachingwea, aliowaosha na kuwafunga taya usiku kucha, mtu mmoja na taa moja. Kule hakuwahi kujiona mpweke. Wale angalau hawakumgeuzia kisogo. Hapa aliwatazama watu mia na ushee, watu wa kwao, waliomjua tangu akiwa kijana wa kuwinga ndege mashambani, na hakuna aliyempa hata nusu ya mkono. Aliingia kulala bila kula, na binti yake hakujua.

*

Alfajiri alitoka kunawa uso, akasimama na kata ya maji mkononi.

Mahali ambapo kiwanja chake kinakutana na njia, palikuwa pamepangwa chupa. Hakuna hata moja iliyosogezwa ndani ya uwanja. Zilikaa palepale mpakani, kama wageni wasiotaka kukanyaga. Kulikuwa na za soda, za dawa ya kikohozi, moja ya siki. Kila moja ilikuwa na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu shingoni, kizibo cha gunzi, kijiwe juu. Moja ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ulioganda mafuta ya maandazi, na kijijini muuza maandazi alikuwa mmoja tu. Hiyo ilikuwa nusu. Wengine walileta chupa wazijue kabla ya kunywa. Samia aliileta iliyobaki, aliyoikuta sijui kwenye kona gani ya nyumba ya marehemu kaka yake, ili ajue tu.

"Baba," akaita Catherine kutoka dirishani. "Mbona umesimama?"

"Kuna chupa hapa."

"Za nani?"

"Wenyewe hawapo."

"Ngapi?"

Alizihesabu tena, kwa kidole. "Kumi na moja."

Ndani redio ilikuwa ikisoma salamu za mtu wa Kilimarondo kwa mjomba wake.

"Mtu aliyenyoosha mkono mchana mbele ya watu haji kuacha chupa yake gizani," akasema Catherine. "Angepiga hodi. Angenipa pole. Jana ilikuwa mingapi, baba? Usinifiche."

Mzee Selestini akatazama mikono yake.

"Mmoja."

"Wangu."

"Wako, mama."

Hakulia. Mzee alimsikia akipapasa ukuta, akipapasa dirisha, mpaka vidole vyake vikaupata waya wa antena. Akauvuta. Ndani salamu zikakatika katikati ya jina, redio ikabaki kufoka.

"Huu si shaba?"

"Ni shaba."

"Kata basi."

"Utabaki na nini, Catherine? Redio haitashika."

"Kata, baba."

"Na Jonasi atakuja."

"Jonasi chupa yake si ipo hapo?"

Mzee akatazama. Ilikuwapo, ile yenye kamba nyeusi ya kiatu shingoni. Akaingia kuchukua kisu. Catherine aliushikilia waya ukakaza, naye akakata kipande cha urefu wa mkono, akakisokota kwenye kijiti cha muhogo, akapuliza mkaa mpaka ukawaka. Binti yake alitoka kwa kushika ukuta, akateremsha benchi, akaketi karibu na moto, akashika kijiko kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado vinajua kazi.

Walianza na chupa ya Samia. Waya uliingia motoni ukawa mwekundu, ukatoka ukawa mweusi, ukachovywa, ukalia kidogo. Mzee akainama. Hakuhitaji kuinama mara ya pili. Harufu ilimpanda puani mpaka machoni, ileile, ya vigae vyeupe na shuka za serikali.

"Ni nini, baba?"

"Ni ile malaria ya Yasini," akasema.

Akaimwaga kwenye shimo la taka, akaenda kuilaza chupa tupu mpakani, mdomo ukielekea nyumbani kwa Samia. Kisha akarudi kuutia waya motoni tena, maana zilikuwa zimebaki kumi.